Chupa Moja kwa Saa Kumi

Mgeni alitokea mlangoni ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope, na begi la turubai lilimwelemea bega moja hata akasimama kombo. Sefania hakumsikia akija. Injini ikiwaka, hakuna aliyesikia kitu kingine ndani ya kibanda kile cha mashine ya kusaga. Alimwona tu pale, kijana mwembamba mwenye miwani, akashtuka hadi kitambaa cha oili kikamponyoka.

"Shikamoo, mzee!" kijana alipaza sauti.

"Marahaba. Karibu, pita ndani. Umetokea wapi na baridi hii?"

"Tanga. Basi limekwama huko chini, nikaona nitembee. Naitwa Salimu, fundi mitambo." Alikuwa akiongea huku macho yake yakizunguka: mkanda uliovuliwa kwenye kinu, mdomo wa kinu usio na punje hata moja, benchi lisilo na mtu. "Nani anasaga, mzee?"

"Bado hajafika mtu."

"Sasa mbona inawaka?"

Sefania akatabasamu. Swali hilo alilipenda. "Inaita," alisema.

Akamtoa nje amwonyeshe. Kijiji cha Kwemhulo kilikaa mgongoni mwa mlima, nusu siku kwa miguu kutoka Lushoto kwa njia ya Rangwi, na nyumba zake zilitawanyika pande zote mbili za bonde refu. Mtu wa ng'ambo alitembea zaidi ya saa moja kufika mashineni, mzigo kichwani. Mwaka wa kwanza dizeli ilikosekana mara kwa mara, na wanawake walivuka bonde lote wakakuta kufuli. Ndipo Sefania alipoanzisha utaratibu wake. Siku yenye dizeli aliwasha injini saa kumi na mbili asubuhi na kuiacha ingurume hadi jioni, mzigo uwepo usiwepo. Sauti ilivuka bonde. Aliyeisikia alijua mashine iko wazi; asiyeisikia alibaki shambani kwake na jembe lake. Injini isiyo na mzigo hunywa dizeli kidogo sana, kwa hiyo hakuna aliyeona hasara. Kinyume chake, kanisani na msikitini watu walimshukuru.

"Wewe uliwaza hilo mwenyewe?" Salimu aliuliza.

"Mwenyewe."

Kijana alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akatoa bahasha kutoka kwenye begi.

"Mzee, naomba unisamehe. Nimetumwa kuja kuichukua."

Sefania hakuelewa kwanza. Alidhani kijana anazungumzia bahasha.

"Kuchukua nini?"

"Injini. Lori litafika Ijumaa."

* * *

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shabani, alisoma barua ile kutoka mkoani mara mbili, ya pili kwa sauti. Mwaka ule, elfu moja mia tisa sabini na tano, oili ilikuwa haipatikani ovyo. Mafuta yalikuwa yamepanda dunia nzima, na kila kopo lililopanda mlimani lilihesabiwa. Barua ilisema kwamba mashine yoyote ya kijiji itakayokunywa zaidi ya chupa moja ya oili kwa saa kumi za kazi iondolewe, ipelekwe karakana, na ikitoka huko ipewe kijiji chenye mahindi mengi zaidi. Mnazi, kule tambarare, walikuwa wameshaomba. Kwemhulo ilikuwa ikiagiza oili nyingi kuliko vijiji vitatu vya chini vikiwekwa pamoja.

"Chupa tatu kwa siku," Mwenyekiti alisema, akimtazama Sefania juu ya karatasi. "Tatu! Injini gani hii?"

"Mgoshi, bwana, sema ukweli tu," alidakia Mbaraka, mkulima wa kabichi ambaye hakukosa popote penye maneno. "Mkeo Mama Klara anakaangia nini zile mboga zake? Maana mwaka huu ananawiri kweli."

Watu wawili watatu waliokuwa nje walicheka. Sefania hakucheka. Mikono yake ilitafuta kitambaa, ikakikosa, ikashikana yenyewe kwa yenyewe.

Injini ile haikuletwa na mtu kama zawadi. Yeye Sefania ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba miaka mitatu iliyopita, akiwaambia watu kwamba viazi vya shamba la ujamaa vya misimu miwili visigawanywe, vinunue mashine. Wengine walimtukana. Mwaka uliopita, njaa ilipoingia na watu wakala unga wa yanga, ule wa manjano uliotoka nje ya nchi, walimkumbusha yale magunia ya viazi. Lakini tangu mashine ije, wanawake wa Kwemhulo walikuwa hawatwangi tena alfajiri, wala hawashuki Lushoto na debe kichwani. Hilo hakuna aliyeweza kulikana. Sasa lingekwisha Ijumaa, na leo ilikuwa Jumanne.

"Mimi siibi oili," alisema.

"Hakuna aliyesema unaiba, mzee," Salimu alijibu upesi. "Njooni niwaonyeshe."

Aliwapeleka nyuma ya kibanda, mahali bomba la moshi lilipotokeza ukutani. Chini ya mdomo wa bomba udongo ulikuwa mweusi, na ukuta una michirizi iliyoganda. Salimu alitoa leso yake nyeupe, akaipitisha kwenye mdomo wa bomba. Ilirudi nyeusi na imelowa.

"Oili yenu hii hapa," alisema. "Inapita ndani ya injini yote, inatoka huku. Haijaenda kwa mtu yeyote."

Mbaraka aliinama akanusa. "Kumbe tunapaka rangi ukuta," alisema, lakini safari hii kwa sauti ya chini.

* * *

Mchana wote wa Jumanne Salimu na Sefania walifungua kichwa cha injini. Sefania alikuwa akikaa, anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi. Alikuwa hajawahi kuiona ndani. Alihisi kama mtu anayengoja nje ya chumba cha mgonjwa.

"Njoo uguse," Salimu alimwita. "Kwa ukucha. Hapa juu, ukutani mwa silinda."

Sefania aligusa. Karibu na juu ukucha wake ulikwama kwenye ukingo mdogo.

"Hiyo ni kuchakaa. Ringi za pistoni, zile pete zake, zimekula chuma polepole. Chujio la hewa nimelitoa, limeganda unga mtupu kama chapati. Vumbi la unga na mchanga wa mahindi vimepita, vimekuwa msasa. Sasa shuka chini kidogo. Unaona nini?"

"Panang'aa."

"Kama nini?"

"Kama kioo."

"Ndiyo tatizo." Kijana alichuchumaa, akasahau kwamba alikuwa amechoka. Alikuwa na namna ya kueleza mambo kana kwamba akieleza vizuri tu dunia itatengemaa. "Ukuta mpya una mikwaruzo midogo iliyokatizana, kama mistari ya kiganja. Ile ndiyo inayoshika oili kiasi kinachotakiwa. Na ringi, mzee, hazibani ukuta kwa nguvu zake peke yake. Zinasukumwa na moto wa dizeli. Ukiipa injini kazi nzito, moto unakuwa mkali, ringi zinabana, oili inabaki chini. Ukiiacha iwake bure, moto ni dhaifu, injini ni baridi, hasa kwa ukungu huu wenu. Ringi zinalegea. Oili inapanda, inaungua nusu, inakuwa kama gundi, inajaza ile mikwaruzo. Ukuta unakuwa kioo. Na kadiri unavyokuwa kioo, ndivyo oili inavyozidi kupanda."

Sefania aliondoa kidole chake taratibu.

"Kwa hiyo ni kule kuita," alisema.

"Na pia mzigo mdogo," Salimu alisema. "Wanawake wenu wanaleta mahindi kidogo kidogo. Kikapu kimoja, vibaba viwili. Nimeona leo."

"Ni desturi. Unga wa jana hawautaki, wanasema umepoa. Kila mtu anasaga wa kula siku hiyohiyo."

"Basi hapo ndipo penyewe. Siku nzima inawaka, kazi yake haifiki saa moja." Alisita. "Na kitu kingine. Nilipopima asubuhi, oili ilikuwa imepita alama ya juu kwenye kijiti cha kupimia."

Sefania alitazama chini. "Nilikuwa naiongeza kidogo juu ya alama," alisema. "Kila asubuhi. Niliona inakunywa sana, nikasema isije ikashinda na njaa."

Kijana hakucheka. Sefania alimshukuru kwa hilo baadaye, alipolikumbuka.

"Ikizidi, mhimili unaozunguka chini unaichapa na kuirusha juu," Salimu alisema kwa upole. "Lakini hilo ni dogo."

"Mnazi ingekuwaje?"

"Mnazi ingefanya kazi tangu asubuhi hadi jioni, imejaa mzigo, na joto lile. Isingekunywa hivi. Ingeugua ugonjwa mwingine; vumbi la kule lingemaliza ringi kabla ya wakati. Kila mahali pana namna yake ya kuua mashine."

Sefania alienda mlangoni tena. Bonde lilikuwa kimya. Kwa mara ya kwanza siku yenye dizeli haikuwa na mngurumo, na ukimya ule ulimkera kama nzi sikioni. Aliirudia kichwani miaka yote ile: asubuhi zote alizoamka gizani kwenda kuzungusha hendeli, akijivunia. Alikuwa ameiua kwa mikono yake, na kwa nia njema kabisa, na hilo halikumpunguzia chochote.

"Hakuna la kufanya?" aliuliza bila kugeuka.

"Lipo moja." Sauti ya Salimu ilikuwa ya mtu anayepima maneno. "Nitakwaruza ukuta kwa msasa laini, mistari ikatizane. Tusafishe chujio. Halafu tuipe kazi nzito kweli, mfululizo, saa kumi. Kama tatizo kubwa ni kioo, ringi zitakaa vizuri na oili itashuka hata siku hiyohiyo. Kama kubwa ni kuchakaa, haitasaidia kitu. Siwezi kujua kwa macho. Alhamisi tutapima. Ikishinda siku kwa chupa moja, nitaandika ibaki, na lori litarudi tupu. Ikizidi, nitaandika ilivyo."

"Mahindi ya saa kumi," Sefania alisema. "Kijiji kizima hakisagi hivyo kwa wiki mbili."

"Basi wasage ya wiki mbili."

* * *

Jumatano yote, Salimu akikwaruza silinda na kuifunga injini, Sefania alitembea. Alianza ng'ambo, akapita kila mlango, na kila mlango ulikuwa na ubishi wake. Unga utaharibika. Panya. Mahindi yenyewe ndiyo haya yaliyobaki hadi mvua. Klara, binti yake, alipita upande wa msikitini na kusema yaleyale kwa wanawake wa huko. Baadhi waliitikia kwa kumwonea huruma, wengine kwa sababu hawakutaka kurudia kinu cha kutwanga.

Nyumba ya mwisho ilikuwa juu ya kipande cha msitu, imeelekea magharibi. Hapo aliishi Rahabu, mjane, pamoja na mama yake aliyepofuka. Rahabu alimkaribisha uji, akamsikiliza hadi mwisho.

"Nina nusu debe," alisema. "Ndiyo iliyopo. Lakini mimi sitakuja, Baba Klara, usinichukie."

"Kwa nini?"

"Mwezi wa tatu nilikuja ukanisagia jioni. Foleni ilikuwa ndefu, unakumbuka? Giza likanikuta kule, nikalala kwa watu. Mama alitoka kunitafuta." Alishusha sauti ingawa mama yake alikuwa ndani. "Nilimkuta asubuhi ameanguka kwenye korongo lile pale. Haoni mchana wala usiku, lakini jua analihisi usoni. Likiondoka na mimi sijarudi, hakai. Hakuna anayeweza kumkalisha."

Sefania alitazama korongo. Halikuwa na kina kirefu, lakini mawe yake yalikuwa makali.

Nusu debe isingebadili kitu. Angeweza kusema pole na kuondoka. Lakini alikuwa amewaomba watu wote siku nzima, na huyu ndiye pekee aliyekuwa na sababu ya kweli ya kukataa, naye alikuwa hana mwingine wa kumtwangia.

"Njoo," alisema. "Saa yoyote utakayofika, nitakusagia palepale. Hutapanga foleni. Utarudi hapa jua likiwa bado usoni pa mama."

"Unasema kweli?"

"Nakuahidi."

* * *

Alhamisi saa moja kamili asubuhi Salimu alijaza oili hadi kwenye alama, si juu yake, si chini yake, mbele ya Mwenyekiti. Kisha akaweka chupa moja iliyojaa oili juu ya benchi, ambapo kila mtu aliiona.

"Jioni tutaizima," aliwaambia watu. "Tutangoja nusu saa oili yote ishuke tumboni mwa injini. Halafu nitamimina kutoka chupa hii. Ikifika kwenye alama kabla chupa haijaisha, mashine yenu."

"Na ikiisha?" aliuliza Mbaraka.

"Mtafanya mazoezi ya kutwanga."

"Alaa! Kumbe fundi naye ana mdomo!"

Walicheka, na mvutano ukalegea kidogo. Sefania alizungusha hendeli. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika.

Watu walikuja kuliko alivyotarajia. Walikuja na madebe, na magunia ya nusu, na mahindi yaliyokuwa yamehifadhiwa juu ya dari yakiwa meusi kwa moshi. Wapo waliomenya na kupukuchua usiku ule. Sefania hakuruhusu mdomo wa kinu uwe mtupu hata dakika moja. Alimimina, akasikiliza, akamimina. Mngurumo ule haukuwa ule wa siku zote, mwepesi na wa kusinziasinzia. Ulikuwa mzito, wa chini, kama wa mtu anayepanda mlima na mzigo. Maji ya kupoozea yalichemka, wakayaongeza. Kibanda kikawa na joto hadi wanawake wakavua mashuka ya mabegani.

Saa sita Salimu alimshika mkono, akampeleka nyuma. Alipitisha leso safi kwenye bomba la moshi, akamwonyesha. Ilikuwa na vumbi la kijivu. Ilikuwa kavu.

Sefania aliishika ile leso muda mrefu. "Inapona?" aliuliza.

"Sijui. Usiniulize bado." Lakini macho ya kijana yalikuwa yamejaa tumaini waziwazi, hakujua kuyaficha.

Kuanzia hapo Sefania hakuweza kutulia hata kidogo. Kila mara alitazama chupa kana kwamba ingepungua yenyewe. Saa nane foleni ilipungua, akaogopa. Saa tisa kundi la upande wa msikitini likafika na madebe kumi na moja, akashukuru kwa sauti. Mkewe alimletea viazi, akavisahau. Wanawake waliosagiwa hawakuondoka. Walikaa nje nyasini na unga wao, wakingoja kuona.

Saa kumi na moja kamili Salimu aliinua mkono. Sefania alizima.

Mtu alikohoa. Salimu alitazama saa yake ya mkononi, akakaa juu ya debe lililopinduliwa.

"Nusu saa," alisema.

* * *

Zilipita dakika kumi. Rahabu alitokea kwenye kona ya njia akitembea nusu kukimbia, nusu debe kichwani, kanga imemlegea. Alipoona kibanda kimya na watu wamekaa, alisimama.

"Mmefunga?" alisema, huku anahema. "Mama aliamka na homa. Nimemsubiri jirani aje akae naye, hakuja hadi saa kumi. Na huyo jirani anaondoka jua likizama, ana watoto wake." Akamtazama Sefania, kisha watu, kisha chupa. Alielewa kitu fulani. "Basi. Si kitu. Nitarudi nayo."

"Afadhali, binti yangu," alisema Mzee Shabani. "Kesho utasagiwa wa kwanza."

"Kesho kuna lori," Sefania alisema.

"Kesho lori litarudi tupu, Mungu akipenda! Ndugu Salimu, pima sasa hivi, kisha mama huyu asagiwe."

Salimu alitikisa kichwa. "Nikipima sasa, Mwenyekiti, oili bado iko juu, ukutani na kwenye mifereji. Kijiti kitaonyesha pungufu kuliko kweli. Mtashindwa bila sababu."

"Basi asubiri hiyo nusu saa."

Sefania alitazama mlima wa magharibi. Alijua njia ile kama chumba chake. Rahabu akiondoka sasa na unga, angefika jua likiwa bado juu ya ukuta wa nyumba yake. Akingoja dakika ishirini zilizobaki, na kusaga, giza lingemkuta katikati ya msitu, na mama yake angekuwa ameshatoka nje kushika njia ya korongo.

"Nikiiwasha sasa?" alimwuliza Salimu.

Kijana alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nitalazimika kuandika kuwa imewashwa, mzee. Na tutangoja nusu saa upya. Oili iliyobaki juu ya pistoni itaungua, na kwa nusu debe moto hauwi mkali. Si nyingi itakayopotea. Lakini sijui kama tuna hiyo kidogo ya kupoteza."

"Sefania," Mwenyekiti alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa anasihi. "Tazama watu hawa. Wamekupa mahindi yao yote. Nusu debe!"

Watu nyasini waligeuza macho kwa Sefania.

"Acha, Baba Klara," Rahabu alisema. "Kweli, acha."

Sefania alimtua lile debe kichwani kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi. Alirudisha mkanda kwenye kinu, akashika hendeli, akazungusha mara moja, mara mbili. Injini ilishika mara ya pili, ikiwa bado ya moto. Alimimina mahindi. Hakumtazama mtu. Salimu alikuja upande wake, akashikilia mdomo wa gunia ili unga usimwagike. Haikuchukua hata dakika saba.

Rahabu alijitwika, akashuka njia mbio.

* * *

Walingoja nusu saa upya. Watu wengine waliondoka wakinung'unika. Wengine walibaki.

Salimu alimimina polepole, akichomoa kijiti na kukifuta na kukichovya tena. Nusu chupa. Robo tatu. Sefania alikuwa akiitazama oili ikipanda kwenye kijiti kama mtu anayetazama maji ya mto yakielekea mlangoni kwake, ila yeye alikuwa akiyaombea yafike. Salimu aliinamisha chupa hadi tone la mwisho lilipodondoka, akaigonga chini yake, akangoja. Akachovya kijiti.

Oili ilikuwa chini ya alama kwa upana wa ukucha.

Alimwonyesha Mwenyekiti. Mzee Shabani alitazama, akavua kofia, akakaa kwenye benchi.

"Ilikuwa chupa tatu," Salimu alisema. "Ilikuwa tatu, sasa ni moja na tone. Imepona, wazee wangu. Nitaliandika hilo pia. Nitaandika kwamba ikitoka karakana irudi hapa, isage siku mbili tu kwa wiki ikiwa imejaa. Sijui kama watanisikiliza. Lakini barua inasema chupa moja, na nimeona kwa macho yangu." Alifungua daftari lake, akaandika mstari, akasita, akaandika mwingine.

"Andika ulivyoona," Sefania alisema. "Hujakosea."

"Ungeweza kungoja, Sefania," Mwenyekiti alisema.

Sefania alikuwa ametoka nje, amesimama ukingoni mahali bonde linapoanza. Upande wa kwao kivuli kilikuwa kimeshashuka hadi kwenye mto. Ng'ambo, juu ya kipande cha msitu, jua lilikuwa bado limekaa kwenye ukuta wa nyumba moja, jembamba, la rangi ya chungwa. Alikaza macho. Alingoja hadi yakaanza kumwuma. Kisha kitu kidogo cheupe, gunia la unga juu ya kichwa cha mtu, kilichomoza kutoka msituni, kikapanda hatua za mwisho, na mbele ya mlango mtu mwingine aliyekuwa amekaa juani akainua uso.